Mshona Midomo ya Nyangumi

Jumapili mchana kijijini kwetu Tu'afanga hakuna anayebaki macho. Watu wakishatoka kanisani, wakishafukua chakula kwenye tanuri la ardhini na kushiba nguruwe na magimbi na nyama ya kopo iliyopikwa kwa tui ndani ya majani, kila mmoja anaanguka kwenye mkeka ulio karibu naye, na kijiji kizima kinakoroma mpaka kengele ya ibada ya jioni. Mchungaji analala. Mbwa wanalala. Hata nguruwe waliosalimika wiki hiyo wanalala.

Ila Lesieli, mke wa Manase. Huyo, kwa miaka mingi, hakuna aliyewahi kumwona amelala mchana. Akiwa na homa atakaa ameegemea nguzo. Akitoka shambani miguu inamtetemeka atakaa mlangoni kwake, mgongo wima, akijipepea kwa upepeo wa makuti na kutazama njia ambayo haina mtu.

“We Lesieli,” jirani yake Vika alikuwa akimwambia kwa sauti ya usingizi kutoka upande wa pili wa ua, “hivi unamlinda nani? Mwizi mwenyewe kalala.”

“Lala wewe, mwenzangu. Ulale na fungu langu.”

“Mimi langu lenyewe halinitoshi!”

Tulicheka tukalala. Kila kijiji kina watu wake wa ajabu, na Lesieli tulimhesabu kuwa wetu. Hatukujua kwamba jambo lile lilikuwa na mzizi, na mzizi wenyewe ulikuwa kwenye kazi ya mumewe.

Manase alikuwa mshona midomo. Nyangumi akishakufa mdomo wake unaachama, maji yanaingia, na mnyama mkubwa kuliko nyumba ya mchungaji anazama mbele ya macho yenu, jasho lenu lote linakwenda chini pamoja naye. Kwa hiyo lazima mtu mmoja aruke majini na kisu na kamba, apige mbizi mpaka chini ya taya, atoboe midomo, apitishe kamba, akaze, afunge. Wakati huo damu imeshawaita papa. Wengine wanabaki kwenye mashua wakitoa ushauri, na sijawahi kusikia kwamba ushauri ulipungua.

Katika mashua ya nahodha Fe'ao kazi zilifuata damu. Chusa, mkuki wa kumchoma nyangumi, kilikuwa cha Fe'ao kwa sababu kilikuwa cha baba yake. Kushona kulikuwa kwa Saia, mjomba wake Manase, mpaka siku Saia alipoibuka bila mguu mmoja kuanzia chini ya goti. Wiki ileile kamba na kisu vililetwa vikawekwa mlangoni kwa Manase. Hakuna aliyemuuliza anaonaje. Alikuwa na ndoa changa, mkewe bado anaona haya kula mbele ya wakwe, na asubuhi akifungua mlango anakuta kamba ya mjomba imeviringwa pale, imekauka chumvi.

Akashona. Akashona misimu mingi, na katika mikono yake hakuna nyangumi aliyezama. Akipita njiani akina mama walimkatia kipande kizuri cha tumboni. Vijana walimpisha. Mchungaji, alipokuwa akihubiri habari za Danieli kwenye tundu la simba, hakushindwa kamwe kumtaja Manase wetu aliyekaa mstari wa tatu. Watu wote waligeuka kumtazama, naye aliinama kutazama vidole vyake vya miguu, wakasema, tazama mtu jasiri alivyo mnyenyekevu.

Kumbe mtu jasiri alikuwa anakufa kwa woga. Fe'ao akisimama na chusa, wanaume wote waliomba kimoyomoyo kipige, isipokuwa Manase peke yake, aliyeomba kikose. Kikipiga, alijua yanayofuata. Aliruka kwa sababu watu walikuwa wanamtazama, na huko chini alishona macho yamefumbwa, kwa kupapasa, kama mtu atafutaye kiberiti gizani, akisubiri meno. Hakumwambia mtu. Hasa hakumwambia Lesieli, kwa sababu Lesieli naye alikuwa na kazi yake, na aliifanya bila lawama.

Kazi ya Lesieli ilikuwa kulala. Mashua ikitoka, mke wa mpiga chusa na mke wa mshonaji waliingia kila mmoja nyumbani kwake, wakafunga mlango, wakajilaza kwenye mkeka, na hawakutikisika tena. Ndivyo tulivyokuwa tukiamini, na wako ambao mpaka leo hawataki mzaha na jambo hilo: anavyofanya mwanamke ndani, ndivyo anavyofanya nyangumi baharini. Akijigeuza, nyangumi atageuka. Akitembea, nyangumi atakimbilia kina kirefu. Akiinuka ghafla, mnyama atapiga mkia, na mtu yuko chini ya taya. Basi mwanamke hali, hanywi, hakohoi, mbu akimuuma anamwacha ashibe. Lesieli alilala hivyo akiwa na mimba kubwa. Alilala hivyo akimsikia mwanawe Folau analia kwa bibi yake, ukuta mmoja tu katikati. Alilala mpaka kelele ziliposikika pwani, ndipo alipoinuka, akatengeneza nywele, akajifunga mkeka wa heshima kiunoni na kuteremka ufukweni.

“Mmempata?” aliuliza.

“Tumempata,” alijibu Manase, kifua mbele, maji yanamchuruzika.

Wakaishia hapo. Manase aliona macho ya mkewe yanang'aa, akajisemea, mwanamke huyu anaipenda nyama.

Halafu ikaja ile siku ya redio. Wanaume walikuwa wamezunguka bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi, msichana anakoroga, sauti ikatangaza kwamba mfalme amepiga marufuku kuwinda nyangumi katika ufalme wote. Wamebaki wachache mno, ilisema, na wakiachwa huenda watarudi. Kisha Fe'ao akaanza kulia waziwazi, mtu mzima yule, machozi yanamwingia kwenye masharubu.

“Wazungu wamewamaliza kwa meli za chuma na mizinga,” alisema. “Wamewamaliza kote duniani wakakamua mafuta, nyama wakatupa! Sisi wenye matanga na makasia, tunaokula mpaka mkia, ndio tunaambiwa tukae chini!”

Na mimi ninayesimulia nakwambia Fe'ao hakukosea. Mpaka leo nikisikia mgeni anatufundisha kumhurumia nyangumi, nataka nimuulize babu yake alikuwa anawashia taa yake mafuta ya nani.

Manase naye alilia. Alijifunika uso kwa pindo la mkeka wa kiunoni, mabega yakamtikisika vibaya, wenzake wakasogea wakampigapiga mgongoni. “Pole, Mshona Midomo. Pole sana, ndugu yetu.” Chini ya ule mkeka alikuwa anamshukuru Mungu mpaka pumzi zinamkata. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mfalme, akaishukuru redio na betri zake.

Kuanzia siku ile akawa mkulima wa vanila. Maua ya vanila yanafunguka asubuhi moja tu, na hayazai mpaka mtu ayaozeshe mwenyewe, yaani ayachavushe kwa kijiti, ua moja moja. Vidole vilivyozoea kupapasa midomo ya nyangumi viliiweza kazi hiyo kuliko vya mtu yeyote, na ua la vanila halina papa. Kila jioni alimwombea mfalme kwa sauti, sala ndefu, afya yake, meno yake, magoti yake, mpaka mchungaji akasema hajaona raia mwema kama huyu. Na majira ya baridi yakifika, nyangumi wakirudi kuzaa kwenye ghuba yetu, Manase alisimama ukingoni mwa jabali lililo chini ya shamba lake, na wa kwanza akipuliza maji, yeye alivua kofia.

“Maskini,” tulisema tukimwona. “Hamu haijamwisha.”

Miaka ikaenda. Nyangumi wakaongezeka kidogo kidogo, halafu si kidogo. Wageni wakaanza kuja na kamera na nguo za mpira kuwatazama, na vijana wachache wakapata kazi ya kuwapeleka. Fe'ao alizeeka akawa mpiga kengele wa kanisa, lakini mashua yake aliihifadhi chini ya banda la makuti na kuipaka mafuta ya nazi kila mwaka, kama mtu atunzaye nguo ya maiti wake. Folau, yule aliyekuwa analia nyuma ya ukuta, sasa alikuwa na mabega ya mlango mzima, na mke, Hina, na mtoto njiani.

Hapo ndipo alipokuja Bwana Sitiveni. Alikuwa mfanyabiashara kutoka mji mkuu, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi kuliko shughuli ilivyohitaji. Alikaa kwenye duara la kava, akapokea kifuu cha kunywea kwa adabu, akasema nyangumi sasa wamejaa tele, kuna watu serikalini walio tayari kuifikiria upya ile marufuku, na ng'ambo kuna wanunuzi wa nyama yote tutakayopata. Yeye ataleta injini na majokofu. Kilichobaki ni vijiji vya wawindaji vyenyewe viseme kwamba vinataka. Tu'afanga tukae kikao, tujibu.

Kijiji kikachemka. Wazee walikumbuka ladha ile mpaka wakameza mate. Fe'ao alinyooka mgongo kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Na Folau, ambaye alikua akisikia habari za baba yake kama watoto wengine wanavyosikia habari za Samsoni, alikwenda shambani akamkuta mzee kati ya vanila zake.

“Mzee, nifundishe kushona.”

Kijiti kikamwanguka Manase. “Kikao hata hakijakaa.”

“Watakubali tu. Nahodha Fe'ao ameshaniambia nafasi ni yangu. Watu wengine nitawaangaliaje usoni, mimi mtoto wa Mshona Midomo, halafu niogope?”

“Mtoto wako anazaliwa lini?”

“Kwani wewe hukuwa na mtoto?” Folau akacheka, akamwokotea kijiti. “Acha kuniringia ujuzi, mzee. Au unataka ufe nao?”

Manase alisema vanila zinanyauka, watazungumza kesho. Kesho yake akasema mgongo unamuuma. Siku iliyofuata alijitia hamnazo. Kichwani mwake aliuona mguu wa mjomba Saia, kisha akauona mguu wa Folau, na usiku alikaa kitako akisikiliza mkewe anavyopumua, bila kujua kama naye yuko macho.

Alitaka kumwambia. Jioni moja aliingia ndani amepiga moyo konde kabisa, akamkuta Lesieli amesimama juu ya sanduku, anashusha kwenye kenchi ule mkeka wa zamani, mkeka wa kulalia wakati wa uwindaji. Ulikuwa haujaguswa tangu siku ya redio. Vumbi lilimjaa nywele.

“Unaushusha?” aliuliza Manase.

“Naushusha.”

“Kwa hiyo unaona wataanza tena.”

“Wewe unaonaje, Baba Folau? Kazi ni yenu wanaume.”

“Mimi... nangoja kikao.”

“Basi na mimi nangoja kikao,” alisema Lesieli, akauviringa mkeka akauweka pembeni. Manase alielewa kwamba anamwandalia mkwewe Hina, na kwamba nyumbani kwake mwenyewe yuko peke yake. Yale aliyotaka kusema yakarudi yalikotoka.

Siku ya kikao ukumbi wa kanisa ulijaa. Wanaume walikaa mbele wamekunja miguu, akina mama nyuma, na kati yao Lesieli, wima kama kawaida yake. Mkuu wa kijiji, Tevita, alifungua kwa sala, na maneno yakaanza.

“Mimi nauliza swali moja,” alisema mzee mmoja. “Hii bahari ni ya nani? Mgeni analipa ili aogelee na nyangumi, wakati mtoto wangu anakula mbavu za kondoo zinazotoka ng'ambo, mafuta matupu! Nani kafaidi hapo?”

“Mgeni analipa kila mwaka kwa nyangumi yuleyule,” alijibu kijana anayepeleka wageni. “Wewe ukimla umemla, mzee wangu. Mwakani utamwonyesha nani mifupa?”

“We nawe! Tangu lini nyangumi akawa mwigizaji?”

“Na akina mama wa nyangumi je?” Vika alipaza sauti kutoka nyuma. “Si mlikuwa mnampiga mtoto kwanza ili mama asikimbie? Hilo hamlisemi mkiwa kwenye kava.”

“Vika, nyama ulikuwa unakula!”

“Nilikula! Na niliona vibaya nikiwa nakula!”

Bwana Sitiveni alitabasamu kwa wote. Alisema Tu'afanga ina bahati, maana vijiji vingine vimeshapoteza mafundi, lakini hapa nahodha yu hai, mashua ipo, na mshona midomo maarufu yupo na mwanawe yuko tayari kurithi. Wanaume wakapiga makofi. Folau akainua kidevu. Mkuu wa kijiji akamgeukia Manase na kumwomba aseme neno la baraka.

Manase akasimama. Walioketi karibu naye wanasema aliushika mkeka wa kiunoni kwa mikono yote miwili.

“Mheshimiwa mkuu, mchungaji, wazee wenzangu, na akina mama mlio nyuma,” alisema. “Mnasema Folau atashona kama baba yake. Basi sikieni baba yake alivyoshona. Nilishona nimefumba macho.”

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni mbwembwe za fundi.

“Nilifumba kwa sababu naogopa. Si siku ya kwanza tu, siku zote. Kila nyangumi mliyemla hapa, mjue mimi niliruka majini nimeshajikojolea. Siku ya redio mliniona nalia, mkanipa pole. Sikuwa nalia. Nilikuwa nashukuru. Zile pole si zangu, nimekaa nazo miaka yote hii, leo nazirudisha.”

Folau alikuwa ameinama, shingo imemwiva.

“Sisemi nyangumi ni ndugu yangu. Wageni wanasema anaimba; sawa, aimbe. Mimi nilimpenda zaidi chunguni. Na wazungu sitaki wanifundishe kitu, Fe'ao anasema kweli. Mimi nasema moja tu. Mtoto wangu hashuki kule chini. Niliponyoka kwa neno la mfalme, na tangu siku hiyo sijalala bila kushukuru. Nataka niendelee kushukuru. Nimemaliza.”

Akakaa. Alikuwa amemwaga jina lake lote sakafuni mbele ya kijiji, na alijua halizoleki.

Wa kwanza kusema ni Fe'ao. “Nilijua,” alisema.

“Ulijua?”

“Mimi ndiye niliyekuwa naosha mashua.”

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka mpaka wakaegemeana, mchungaji alicheka akafuta miwani, na Manase mwenyewe akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Fe'ao ndiye hakucheka. Alingoja watulie.

“Nilijua tangu msimu wa kwanza. Kila tukitoka nasema moyoni, leo huyu atakataa. Hukukataa. Na mimi sikukuuliza, maana ningekuuliza ungesema hapana, na nani angeshona? Hilo ni juu yangu, Manase. Nimekula kwa mikono yako, nimejengea nyumba, nimeitwa nahodha, na sijawahi kukwambia ahsante hata siku moja. Ahsante.”

Bwana Sitiveni alikohoa, akasema kwa upole kwamba mshonaji si tatizo, siku hizi watu wa kazi kama hizo wanapatikana.

“Ndiyo,” alisema Fe'ao. Alitoa kiunoni kisu cha kushonea, ambacho alikuja nacho amekinoa kwa ajili ya Folau, akakisukuma kwenye mkeka mpaka kikasimama mbele ya goti la mgeni. “Shika. Wewe ni mnene, papa watakuona mapema, lakini mashua nitaiosha mwenyewe kama zamani.”

Mgeni hakushika. Mkuu wa kijiji akauliza, kwa utaratibu wa kikao, nani mwingine atakayeshona. Vijana waliokuwa wakipiga vifua wiki nzima walianza kuchunguza ususi wa mikeka. Akauliza tena. Folau akainuka, akasema, “Mzee ameshasema. Mimi sishoni,” akatoka nje bila kumtazama mtu. Na bila mshonaji hakuna nyangumi, hilo kila mmoja alilijua. Jibu la Tu'afanga likawa hapana, na Fe'ao alikuwa wa kwanza kuinua mkono, ingawa mkono wenyewe ulipanda polepole mno. Baadaye nilimkuta bandani amekaa ndani ya mashua peke yake, nami nikapita.

Siku zilizobaki za wiki ile Manase aliishi roho juu. Watu walimsalimia kama kawaida, na kweli wapo waliomwita Mshona Suruali, lakini kwa upendo. Jumamosi Folau alitokea shambani bila salamu, akavunja kijiti, akaanza kuozesha maua upande wa pili wa mstari. Alifanya kazi mpaka jua likawa kali. Wakati wa kuondoka alisema, “Ungeniambia mimi kwanza, mzee,” na Manase akajibu, “Kweli,” wakaongozana kwenda kunywa madafu. Aliyebaki kimya ni Lesieli. Alipika, alifua, alijibu aliloulizwa. Manase aliona heri angefokewa.

Jumapili wakatoka kanisani, wakafukua chakula, wakala. Watu wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Lesieli hakwenda mlangoni. Aliuvuta ule mkeka wa zamani, akaukung'uta nje, akaurudisha na kuutandaza katikati ya nyumba.

“Mama Folau,” alisema Manase. “Huo mkeka ulikuwa unamwandalia Hina.”

“Hina? Niliushusha niuchome.”

“Uuchome?”

“Siku ile uliponikuta. Nilisema nikiuchoma hawatakuwa na pa kumlaza mtoto wa watu. Nikafika nao mpaka jikoni, nikakumbuka mama yangu ndiye aliyeusuka, mkono ukakataa.”

Manase alimtazama. “Mimi nilidhani unapenda. Ulikuwa unakuja pwani macho yanang'aa. Nikasema, mke wangu anapenda nyama.”

“Nyama!” Lesieli alikaa chini kwa kishindo. “Baba Folau, nyama! Wewe uliogopa kwa muda wa kushona tu. Mimi niliogopa tangu mashua inatoka mpaka nisikie kelele, na siruhusiwi hata kukohoa. Na kelele zenyewe sijui ni za furaha au za kunijulisha. Wewe angalau ulikuwa unajikojolea.”

“Mbona hukusema?”

“Ungeniona mwoga. Ulikuwa unatoka majini kifua mbele! Nikasema mume wangu anaipenda kazi yake, nisimtie baridi.” Alijifuta macho kwa kiganja. “Siku ya redio nilikimbilia nyuma ya nyumba, nikapiga magoti kwenye matope ya nguruwe nikashukuru. Jioni ukarudi macho yamevimba, nami nikakupa pole.”

“Ulinipa. Nakumbuka.”

“Nilikupa pole!” Na hapo wakacheka wote wawili, wakajiziba midomo wasiamshe majirani.

Walipotulia, Lesieli akasema kwamba tangu wakati ule akijilaza mchana mwili wake unakataa, unakaza, unangoja kelele za pwani. Ndiyo maana aliacha. Alikaa mlangoni kwa sababu ukikaa mlangoni unaona kwamba hakuna mashua iliyotoka.

“Leo hebu nijaribu,” alisema.

“Nitoke?”

“Kaa. Leo zamu yako ya kutotikisika.”

Akajilaza. Mwanzo alikuwa amekakamaa, mikono ubavuni, kama zamani. Manase alikaa karibu na kichwa chake akimpepea taratibu, na nje hakuna kilichosikika isipokuwa mkoromo wa kijiji, na mbali kwenye ghuba, nyangumi akipuliza. Vidole vya Lesieli vikalegea. Akajigeuza ubavu, akavuta pindo la mkeka chini ya shavu, akaanza kukoroma, na alikoroma kama mtu mwenye deni la miaka. Manase alilia bila sauti. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mfalme na nyangumi na Fe'ao, lakini zaidi kwa ajili ya mkoromo ule.

Kengele ya kwanza ya jioni ikalia, Lesieli hakuamka. Vika, amevaa nguo za kanisa, akaja mpaka mlangoni kumpitia kama desturi yao. Alipoona, alijishika kifua.

“Anaumwa?”

“Amelala.”

“Lesieli? Mchana?”

“Amelala, Vika. Punguza sauti.”

Vika akainama, akavua ndara zake, akazishika mkononi, akaondoka kwa kunyata mpaka barabarani, na alipofika barabarani akakimbia mbio na umri ule, kuelekea kanisani, kwa Fe'ao mpiga kengele. Tuliokuwa tumeshakaa tulisubiri kengele ya pili. Tukasubiri sana. Mwisho mchungaji akaanza ibada bila kengele, kwa sauti ya chini.